Selo ya Mwalimu

Simu ilimkuta Mwalimu katika chumba cha walimu, kalamu nyekundu mkononi na rundo la madaftari ya darasa la tano mbele yake. Namba hakuijua. Aliipokea hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu asiye na neno na mtu, na wenzake watatu wakaendelea na chai yao huku masikio wameyatega. Chumba chenyewe ni kidogo, na simu yake ni ya zile zinazoongea mpaka dirishani.

"Naongea na mwalimu wa muziki?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Ndiye."

"Forodha hapa. Tarehe tatu tuliwapa msamaha wa ushuru kwa kifaa kimoja cha kufundishia. Selo. Keshokutwa asubuhi tunapita shuleni kwenu kukikagua. Kifaa kiwepo, leja ya mali za shule iwepo, na mkuu wa shule awepo."

"Sawa," Mwalimu alisema. "Karibuni."

Hilo "karibuni" lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya adabu. Aliiweka simu mezani taratibu, uso chini.

"Wageni gani hao wa keshokutwa?" aliuliza mwalimu wa hisabati, mtu asiyependa kupitwa.

"Watu wa selo."

"Selo? Kwani umeua?"

Chumba kizima kikacheka. Mwalimu naye alicheka, akaendelea kucheka hata wenzake waliponyamaza, kisha akagundua kwamba ukurasa mzima wa daftari lililokuwa mbele yake ameuwekea vema, hata pale mtoto alipokosea. Akafungua ukurasa mwingine.

Selo aliyoisema si ile yenye nondo. Ni fidla kubwa, ile inayosimama sakafuni kati ya magoti ya mpigaji na kutoa sauti nzito ya mtu mzima. Majina yamegongana tu, na Fundi, mumewe, alishalitania hilo mpaka likamwisha utamu: wenzako wanaikimbia selo, wewe unaiagiza ng'ambo kwa hela yako mwenyewe. Tatizo ni kwamba selo ya kufundishia haikuwa shuleni. Haijawahi kufika shuleni hata siku moja. Ilikuwa nyumbani kwa Mwalimu, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, imefunikwa shuka la maua.

Nikwambie ilivyokuwa, maana ukiisikia juu juu utasema huyu mama ni mwizi. Mwalimu alijifunza selo chuoni akiwa msichana, akaiacha chuoni siku alipomaliza, kwa sababu ilikuwa ya chuo. Miaka ishirini na sita hakuigusa nyingine. Miaka mitatu ya mwisho alizunguka kila Jumamosi kufundisha kinanda watoto wa watu majumbani kwao, akaweka, akaweka, hadi akapata mzee mmoja huko ng'ambo anayeuza selo yake kuukuu. Tangazo lilisema usafirishaji umelipwa. Yeye na Fundi wakaelewa kwamba kilicholipwa kimelipwa. Mzigo ulipofika, wakala wa forodha akawachorea hesabu kwenye karatasi: bei, jumlisha nauli, jumlisha bima, juu ya jumla hiyo unapigwa ushuru, na juu ya ushuru inapigwa kodi ya ongezeko la thamani.

"Kodi juu ya ushuru?" Mwalimu aliuliza.

"Zinapandiana, mama. Ndivyo zilivyo."

Jumla ilikuwa mishahara yake minne, na ghala linadai chake kila siku inayopita. Wakala alipoona mama wa watu ametoa macho, akainamisha kichwa na sauti pia. "Kwani wewe si mwalimu? Vifaa vya shule havilipi. Niletee barua ya shule yenye muhuri, na ndani yake neno moja tu: kufundishia."

Barua aliiandika Mwalimu. Muhuri aliugonga Fundi, kwa sababu kazi ya Fundi ni kuchonga mihuri.

*

Kibanda cha Fundi kimeegemea ukuta wa nyumba yao, upande wa barabarani. Anachonga mihuri ya mpira, anaandika mabango ya maduka na namba za nyumba, na kila mwanzo wa mwaka anaitwa shuleni kuandika namba za rangi nyeupe kwenye madawati, viti, meza, ndoo, na kila kitu ambacho serikali haitaki kipotee. Watu wa kazi yake husoma kinyumenyume. Herufi kwenye mpira huchongwa zikiwa zimegeuka ili zikigongwa zikae sawa, na baada ya miaka thelathini Fundi alishazoea kiasi kwamba gazeti ndilo lililompa tabu kidogo asubuhi.

Mwalimu alimkuta ameinamia kisu. Akamweleza akiwa amesimama, mkoba bado begani.

Fundi aliweka kisu chini. "Walisema muhuri tu. Hawakusema watakuja."

"Ndiyo wanakuja sasa."

"Basi tuipeleke shuleni siku hiyo. Wataiona, watasema ahsante, wataondoka, tutairudisha."

"Na leja? Wanataka kuiona kwenye leja, Fundi. Na Mkuu wanataka awepo. Mkuu hajui kama kuna barua, hajui kama kuna selo. Akiulizwa atasema nini?"

Fundi alijipangusa mikono kwenye aproni, mkono mmoja baada ya mwingine, kisha akarudia tena ule wa kwanza.

"Nimebakiza miaka mitatu nipate kiinua mgongo," Mwalimu alisema. "Mitatu tu, baba. Wakinifukuza leo natoka na mkoba huu."

Mama yake Fundi, bibi wa miaka themanini anayesikia anachotaka, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Alinyanyuka akaingia ndani, na baada ya dakika chache wakamsikia anaburuta sanduku. Mwalimu alipoingia alimkuta amekunja blanketi jepesi, ameweka juu yake kipande cha sabuni ya kufulia, mswaki mpya na jozi ya soksi.

"Mama, hivi vya nini?"

"Si umesema watu wa selo wanakuja keshokutwa? Huko sakafu ni ya baridi, mwanangu. Marehemu baba yao alilala siku mbili akarudi na kifua."

"Selo ni hii fidla yangu, mama. Wanakuja kuitazama hiyo."

Bibi aliitazama selo nyuma ya mlango, akamtazama mkwewe. "Na wewe hawakuchukui?"

Mwalimu alitaka kusema hapana. Alikaa kitandani. "Sijui, mama," alisema. "Hatujui bado."

Bibi akaliacha blanketi pale pale lilipokuwa.

*

Jumatano Mwalimu aliomba ruhusa kwa kusema anakwenda hospitali, ukawa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, akashika njia ya forodha. Wazo lake lilikuwa rahisi. Atauliza kwa mbali kama inawezekana kulipa sasa. Ikiwezekana watakopa, watauza cherehani na kabati, mambo yaishe.

Foleni ilikuwa ndefu na benchi moja tu. Mbele yake mzee mmoja alikuwa akibembeleza juu ya friji, akiambiwa aende dirisha la nne, na dirisha la nne lilikuwa limefungwa. Zamu ya Mwalimu ilipofika alimkuta mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, karatasi zake zimekandamizwa kwa stepla ili feni isizipeperushe.

"Shida yako, mama?"

Aliijua sauti ile mara moja. Ilikuwa ya simu. Akatamani kugeuka, lakini nyuma yake watu walikuwa wameshamsonga.

"Naulizia tu. Kama mtu alipewa msamaha wa ushuru, halafu baadaye akaona afadhali alipe. Anaweza kulipa?"

"Mtu gani huyo?"

"Mtu tu. Jirani yangu."

Afisa alivua miwani, ikamning'inia kifuani. "Jirani yako akija kulipa leo, maana yake barua aliyotuletea ilikuwa ya uongo. Hapo tumeshatoka kwenye ushuru, mama. Kifaa tunakichukua, faini inakuja, na barua inakwenda polisi kwa sababu ina muhuri wa serikali. Kama ni mtumishi wa umma, mwajiri wake anaandikiwa siku hiyo hiyo."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja tunakwenda sisi."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, polepole, kana kwamba anaikariri ili akamweleze huyo jirani. Mikono yake ilikuwa juu ya kaunta. Kwa siku kumi alizokaa na selo alipiga kila alasiri, na ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa zimechimbika mistari ya nyuzi, zimeota sugu mbichi nyekundu. Aliona macho ya afisa yametua hapo. Akaishusha mikono chini ya kaunta.

"Jirani yako anapiga ala gani?" afisa aliuliza.

"Sijui mambo ya muziki mimi," alisema Mwalimu, akashukuru, akatoka. Nje aliegemea ukuta mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

*

Saa hiyo hiyo Fundi alikuwa kibandani akitafuta kipande cha mpira kwenye rafu ya juu, na mkono wake ukagusa kitu kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua. Ulikuwa muhuri wa shule, mpini mpya bado unanukia vanishi. Akaugeuza akausoma kama anavyosoma, kinyumenyume, bila haraka: jina la shule, sanduku la posta, namba.

Namba ndiyo iliyomkalisha chini.

Alivuta daftari la oda. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe: *Shule. Muhuri mpya, sanduku la posta limebadilika. Ukae hapa mpaka Mkuu auitishe.* Mkuu hajauitisha mpaka leo. Jumamosi ile ya barua, Fundi aliunyoosha mkono rafuni akauchukua uliokuwa karibu, akaugonga, akaupuliza wino ukauke, akamwambia mkewe ona ulivyokaa vizuri. Barua iliyopewa msamaha tarehe tatu ilikuwa forodhani na muhuri ambao shule yenyewe haijawahi kuushika.

Mtu mwingine angeweza kughushi akakosea tahajia. Fundi alighushi kwa muhuri halali kabisa, kazi safi, uliowahi tu wiki tatu kabla ya wakati wake. Kosa kama hilo hulifanya mchonga mihuri peke yake.

Akaukunja tena kwenye gazeti, akafunga kibanda, akaenda shuleni mbio mbio. Njiani alijipa moyo: akiukabidhi leo, kesho utakuwa mezani kwa Mkuu, mkaguzi atalinganisha, namba ni ile ile, nani atajua?

Mkuu wa shule ni mtu mrefu, mpole, anayevaa tai hata siku ya joto na kuandika tarehe juu ya kila kitu. Inasemekana hata maembe akinunua anaandika. Aliupokea muhuri, akaujaribu kwenye karatasi tupu mara mbili, akaridhika.

"Kazi nzuri, Fundi. Nilikuwa nipige simu wiki hii, posta wamenithibitishia sanduku jana."

"Nikaona nikuletee, Mkuu. Kama ningeuleta mwanzo wa mwezi..." Fundi alijaribu. "Yaani unaweza kuandika kwamba niliuleta mwanzo wa mwezi. Kwa ajili ya hesabu zangu."

"Lakini umeuleta leo."

"Ni kweli, Mkuu."

Mkuu akafungua kitabu cha kupokelea vitu, akaandika tarehe ya leo kwa mwandiko wa duara, akampa kalamu asaini. "Mbona una jasho hivyo?"

"Nimetembea, Mkuu."

"Na huu wa zamani uuvunje hapa hapa mbele yangu. Muhuri usiotumika ni hatari, unaweza kuangukia mkononi mwa mtu asiyefaa."

Fundi aliukata muhuri wa zamani vipande vinne kwa kisu chake, mbele ya Mkuu, akaviweka kwenye kapu la taka. Mkuu alimshukuru kwa uaminifu wake.

*

Alasiri wote wawili walikaa kibandani, mlango wameurudisha. Fundi alimweleza mkewe habari ya muhuri. Alieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Mwalimu hakuelewa.

"Kwa hiyo barua yangu ina muhuri ambao shule haikuwa nao."

"Ndiyo."

"Na Mkuu ameandika tarehe aliyoupokea."

"Kwa wino. Nilikuwepo."

"Baba, wewe una kazi gani duniani zaidi ya mihuri? Moja tu. Ukashindwa kuusoma?"

"Niliusoma. Nausoma kila siku, ndiyo maana sikuuona." Alikuwa karibu kulia, mwanamume wa miaka hamsini na nane. "Nitasema ni mimi. Nitasema hukujua."

"Barua ina saini yangu."

Barabarani mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa vyuma chakavu, ukapita, ukaisha.

"Nitamwambia Mkuu kesho asubuhi," Mwalimu alisema. "Kabla hawajafika."

"Ukimwambia umekwisha."

"Nisipomwambia ataulizwa mbele ya watu, naye atajibu kweli, kwa sababu hajui kujibu kingine. Tutakwisha wote wawili kwa mpigo."

Siku hiyo Mwalimu hakupiga selo. Aliifunga kwenye sanduku lake, akalifunga sanduku kwa kamba, na Bibi akampokea upande mmoja kulisogeza sebuleni. Blanketi, sabuni, mswaki na soksi vilikuwa vimehamia kwenye mfuko wa plastiki, karibu na mlango. Mwalimu aliuona akapita.

*

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi teksi iliwashusha Mwalimu na sanduku kwenye geti la shule. Alivaa blauzi nyeupe, ile anayovaa siku za wageni. Aliliacha sanduku stoo pamoja na madaftari aliyokuja nayo, akaingia ofisini kwa Mkuu, akakataa kiti, akasema yote: bei, nauli, wakala, barua, muhuri. Hakuacha hata la hospitali.

Mkuu alisikiliza akiwa ameshika tai yake. Mwalimu alipomaliza, Mkuu alikwenda dirishani.

"Unajua umeniweka wapi, Mwalimu?"

"Najua, Mkuu. Nisamehe."

"Hujui. Nikisema kweli, wewe unakwenda polisi na mumeo pia, halafu mimi naulizwa muhuri wa shule ulitumikaje kwa fundi nisijue. Nikisema uongo, nitakuwa nimesema uongo." Aligeuka. Alikuwa na hofu kuliko yeye, hilo Mwalimu aliliona wazi, na likamwogopesha zaidi. "Hiyo selo ni ya nani?"

"Yangu, Mkuu."

"Nakuuliza tena. Ni ya nani?"

Nje watoto walikuwa wakifagia uwanja, fagio zinakwaruza. Mwalimu alielewa alichoulizwa. Alielewa pia kwamba hataulizwa mara ya tatu.

"Ya shule," alisema.

"Basi katika barua hakuna uongo." Mkuu aliinua simu. "Fundi? Njoo shuleni sasa hivi. Njoo na rangi nyeupe na brashi ndogo."

*

Afisa alikuwa yule yule. Aliingia na miwani yake ya uzi na faili moja, akampa Mkuu mkono, akamgeukia Mwalimu.

"Sisi tumeonana," alisema.

Mwalimu alishika ukingo wa meza.

"Jirani hajambo?"

"Hajambo."

Afisa alifungua faili, akaweka barua mezani. "Muhuri huu ni wenu, Mkuu?"

Mkuu aliitazama barua. Aliutazama na muhuri wenyewe, uliosimama mbele yake, na karibu yake kitabu cha kupokelea vitu, kimefungwa. Aliweka kiganja juu ya kitabu. "Muhuri ni wetu," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Kifaa kipo?"

"Kipo stoo."

"Kina namba ya mali?"

"Kinaandikwa leo. Tulikuwa tunamngoja mwandika namba."

Afisa alimtazama Mkuu, akamtazama Mwalimu, akamtazama na Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni, kopo la rangi mkononi, kijasho kinamtiririka mashavuni. Sijui aliona kiasi gani. Nadhani aliona yote. "Vizuri," alisema. "Nitangoja. Fomu yangu inataka namba. Na isiwe ya chaki."

Wakaenda stoo wote. Selo ilitolewa sandukuni ikalazwa kifudifudi juu ya dawati, vanishi yake ya kahawia imeiva kwa uzee. Mtunza stoo alifungua leja akapitisha kidole.

"Mia nne na kumi na moja ni ndoo," alisema. "Hii mia nne na kumi na mbili. Viti huwa tunaandika mgongoni, juu, ionekane."

"Haiwezi kukaa chini kidogo?" Fundi aliuliza. "Au ndani, kwenye sanduku lake?"

"Sanduku linaweza kubadilishwa," alisema afisa.

Fundi alichovya brashi. Katika kazi yake yote hakuna namba aliyowahi kuikawiza hivyo. Mwalimu alisimama upande wa pili wa dawati akimwangalia mkono. Alitaka amwambie asikaze, vanishi hiyo ni ya miaka mingi, lakini palikuwa na watu. Nne. Moja. Mbili. Nyeupe, nene, zimenyooka. Afisa alipiga picha kwa simu yake, akaandika kwenye fomu.

"Bado kitu kimoja," alisema. "Barua inasema kufundishia. Naona darasa liko hapo nje. Nifundishie basi, nione."

Darasa la tano lilikuwa limeshajazana mlangoni. Mtu akaleta kiti. Fundi alifungua kinywa, brashi bado mkononi, aseme haijakauka, na afisa akamwambia, "Fundi, wewe kazi yako imekwisha, tupishe." Akapisha. Laiti angesema. Lakini siku ile hakuna mtu katika stoo ile aliyekuwa na ujasiri wa kumkatiza mtu wa serikali.

Mwalimu alikaa, akaisimamisha selo kati ya magoti, akaivuta hadi mgongo wake ukamlalia kifuani, mahali pake. Upinde ulitetemeka kwenye uzi, ukatoa sauti ya kukwaruza, watoto wawili wakacheka. Akaanza upya. Safari hii ilitoka sauti moja ndefu ya chini, nzito, ikajaa stoo yote, ikaingia kwenye ndoo na kwenye madawati, na watoto wakanyamaza.

"Huu ni uzi mnene kuliko wote," aliwaambia. "Mnasikia unavyotikisa sakafu? Vueni viatu."

Wakavua. Akapiga tena, nao wakatazamana, wengine wakiinua unyayo mmoja mmoja. Alifundisha dakika kumi. Afisa alisimama mpaka mwisho, akasaini fomu, akafunga faili. Akiwa mlangoni alimwambia Mwalimu kwa sauti ya chini, "Mwambie jirani yako asirudie," akaenda zake.

Mkuu naye aliondoka bila kumtazama mtu. Mtunza stoo alisogeza daftari lingine, la vitu vinavyoazimwa. "Ukiitaka unasaini hapa, Mwalimu. Kutoka, kurudi. Saa kumi stoo inafungwa. Nyumbani haiendi."

"Najua," alisema Mwalimu.

Alisimama, akailaza selo juu ya dawati. Hapo ndipo Fundi alipomwona. Juu ya blauzi nyeupe ya wageni haikuonekana vizuri, ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe, lakini mwanga wa mlangoni ulipompiga rangi mbichi ikang'aa: alama tatu kifuani, zimegeuka kinyumenyume. Watoto walizitazama wasijue ni nini. Fundi alizisoma mara moja, bila tabu yoyote.

Mwalimu alifuata macho yake, akainama akajiona. Aligusa kwa kidole, kikanata.

"Itatoka?" aliuliza.

"Ni ya mafuta," alisema Fundi. "Haitoki, mama."

"Na hii ya mgongoni imechafuka," mtunza stoo alisema, ameinamia selo. "Irudie, Fundi, isomeke."

Fundi akafungua kopo. Kengele ya kipindi cha pili ikalia. Mwalimu aliokota madaftari ya darasa la tano, akayakumbatia kifuani kuficha, akawaambia watoto wavae viatu, akawafuata darasani.